Maua Yaliyokataa Kuiva

4 Machi

Fundi wangu,

Salamu nyingi. Najua simu hukutaka, maana tukishika simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, kwa hiyo naandika. Karatasi haina sauti ya kukukera. Ukichoka unaikunja.

Ndani ya boksi hili kuna vitunguu. Tafadhali usivipike, na mwambie Shangazi naye asivipike. Ni vitunguu vya maua, yanaitwa tulipu, ni maua ya baridi. Hapa kitaluni ninapofanya kazi asubuhi ukipumua unatoa moshi, kwa hiyo yanajiona yako kwao. Huko nyumbani joto litayachanganya. Lazima yalale kwanza. Viweke kwenye friji, rafu ya chini, ndani ya mfuko wa karatasi, mpaka katikati ya Juni, ndipo uvipande. Na jambo moja nakuomba ulishike sana: usiweke matunda kwenye friji hiyo. Tunda likiiva linatoa hewa inayoua ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Utaishia kupata majani matupu.

Karatasi ya picha iliyokuja na gunia nimeibandua makusudi. Sitaki uyaone kabla. Yakichanua niandikie neno moja tu, "yamechanua", nami nitajua kwamba umenifungulia mlango. Hilo ndilo jibu langu kwa neno ulilonipa getini siku ile. Nikilipata, nafunga begi siku hiyo hiyo.

Utasema hii ni mipango yangu mingine. Ni kweli, ni mpango. Lakini safari hii sikuchimba shimo.

Nimekukumbuka, hata kelele za cherehani yako.

Mumeo,
Bwana Mipango


21 Machi

Bwana Mipango,

Boksi limefika. Kabla sijatoka chumba cha kushonea, Shangazi yako alikuwa ameshakata kitunguu kimoja akakinusa. Akatangaza kwamba hakitoi machozi, kwa hiyo si kitunguu, umetapeliwa. Vilivyobaki nimevificha.

Sijui nicheke au nilie. Wewe ni mwanaume wa namna gani? Kuku wako walikufa. Nyuki wako wakawahamisha majirani. Samaki wako hatukuwaona hata mmoja, tuliyaona maji tu, yametoka kwenye hilo bwawa lako yakapita chini ya ukuta mpaka kwenye gauni za maarusi, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya mama zao kueleza. Mpaka leo nikisikia bomba linatiririka roho inaniruka. Sasa umetoka na bwawa, unataka kurudi na friji.

Halafu neno gani nililokupa getini? Siku ile nilisema maneno mengi, mengine sikujua hata kama ninayo. Kama ni lile kuhusu mama yako, nilishakwenda mwenyewe kumwomba radhi, tena alicheka.

Papai la Shangazi nimelitoa kwenye friji. Amenuna. Nilipomwambia kwamba mtoto wa kaka yake ameondoka, kwa hiyo labda na yeye angependa kupumzika kwingine, alinijibu kwamba ugomvi ni wenu, chumba ni chake.

Mimi,
Fundi


6 Aprili

Fundi,

Usijitie hamnazo. Neno la getini unalijua. Ulilisema umeshika mkasi mkononi, na mtu hasahau neno alilolisema ameshika mkasi.

Mimi sitalirudia. Nikilitamka mimi itakuwa nakubembeleza, na kubembeleza nimeshakubembeleza sana. Nataka ulione kwa macho yako. Ukiliona utacheka, nakujua.

Asante kwa papai.

Bwana Mipango


18 Mei

Mwanangu,

Mimi shangazi yako sijambo, ila miguu. Nakuandikia mkeo akiwa ametoka, maana akinikuta na kalamu ataniuliza maswali kama hakimu.

Kwanza friji ilikufa. Akaitwa fundi friji. Kijana mtanashati, meno meupe. Amekuja, ameondoka, amerudi na kipuri, ameondoka, amerudi tena eti alisahau bisibisi. Mkeo anampa chai. Mimi sisemi kitu, nasema nilichokiona.

Pili, ule mfuko wako wa vitunguu haumo tena kwenye friji. Nimetafuta. Nilipomwuliza aliniambia, "Shangazi, kila mtu ashughulike na papai lake." Huyo ni mwanamke wa kumtumia maua?

Na mimi, mwanangu, nilikuwa dirishani siku ile ya getini. Nilisikia yote. Alikwambia, "Wewe kulala tena nyumba hii, labda maua yachanue kijani!" Akabamiza geti. Neno lile ni kufuli. Maua na kijani wapi na wapi? Ni sawa na kukwambia kamwe. Badala ya kutuma watu wazima wakuombee msamaha, wewe unatuma vitunguu, tena visivyotoa machozi.

Juni naenda kwa binti yangu, anakaribia kujifungua. Ukijibu, nijibu huko.

Shangazi yako


3 Juni

Shangazi,

Yapo. Maua yanayochanua kijani yapo. Nimeyaona kwa macho yangu, nilikuwa nabeba gunia nikaona picha yake, nikakaa chini palepale mpaka bosi wangu, Bibi Kitalu, akaniuliza kama naumwa. Ni kijani cha kweli, kimepita katikati ya ua kuanzia chini mpaka kwenye ncha, na pembeni kuna weupe kidogo. Hivyo ndivyo vitunguu nilivyomtumia. Alisema labda maua yachanue kijani. Basi yatachanua kijani, uani kwake, na mimi nitaingia kwa mlango alioufungua mwenyewe bila kujua.

Nakuomba, usimwambie. Mpango wangu mmoja tu maishani naomba ufike mwisho.

Na hili pia usimwambie: Bibi Kitalu anafungua kitalu kingine, mbali zaidi ya hapa, ananitaka nikakisimamie kwa mkataba wa miaka mitatu. Nimemwomba anisubiri mpaka mwisho wa Agosti. Neno la mke wangu likija kabla ya hapo, narudi nyumbani. Lisipokuja, naenda.

Lakini hivyo vitunguu amevipeleka wapi? Amevitupa? Kichwa kinaniuma. Na huyo fundi friji ni nani hasa?

Mwanao


24 Juni

Bwana Mipango,

Nimepanda. Nilifuata kila ulichoandika. Nimevipanda kwenye lile shimo lako la samaki, nililolifukia mwenyewe kwa koleo, kwa sababu udongo wa pale ndio mlaini kuliko wote. Usianze kuona ishara, ni udongo tu.

Shangazi ameondoka kwenda kwa bintiye. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani. Jana nilikuwa nakata kitambaa kirefu, nikageuka nikwambie ushike ile ncha nyingine. Nimekuandikia hilo bila kufikiri, na kalamu haifutiki, basi lisome tu.

Ile chupa ya chai yenye picha ya maua, Shangazi anasema ndiyo tulipu hizo. Nimeisogeza karibu na cherehani. Ni mekundu, yamekaa kama vikombe. Sikujua ni mazuri hivyo, siku zote nilikuwa naangalia chai. Sasa nangoja ya kwangu.

Bado sijui ni neno gani hilo la getini. Nimejaribu kukumbuka mpaka nimejichoma sindano.

Fundi


15 Julai

Fundi,

Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchakaa kwenye mikunjo. Ile ncha ya kitambaa, nitaishika. Sema tu.

Nimefurahi kusikia vitunguu vilikuwepo kumbe. Hapa tulipanda wiki ile ile uliyopanda wewe, kutoka gunia lile lile, na matumba yameanza kuonekana. Ya huko yatawahi zaidi kwa sababu ya joto. Usiyapite bila kuyatazama, kwenye joto hayakai sana, yakichanua yanaaga.

Friji inafanya kazi vizuri? Nimesikia siku hizi vipuri ni taabu, mtu anaweza kurudi na kurudi.

Gari la posta likifika hapa mimi ndiye wa kwanza kulikimbilia. Wenzangu wameshanipa jina, sikwambii.

Bwana Mipango


6 Agosti

Bwana Mipango,

Friji ni nzima. Mbona unaiulizia friji kama mtu anayeulizia mkwe? Uliza na mimi basi.

Maua bado hayajachanua. Matumba yapo, marefu, yamesimama vizuri, kila kitunguu kimetoa. Kila asubuhi kabla sijaweka uzi kwenye cherehani naenda kuyatazama, nachuchumaa pale kama mtu aliyepoteza pini. Bado. Jana jirani amechungulia juu ya ukuta akaniuliza hiyo ni mboga gani, na kama naweza kumchumia kidogo. Nimeona aibu, nikaingia ndani.

Ningekupigia picha nikutumie, lakini picha ya matumba ya nini? Nangoja yawe maua kamili. Naogopa kwamba nimekosea mahali. Kumwagilia nimemwagilia, jua yanapata la asubuhi tu, mbolea kidogo. Ulisema yatawahi. Yakiwahi hivi, yakichelewa itakuwaje?

Nivumilie. Neno lako nitalituma. Nalitaka kulituma, usidhani silitaki.

Fundi


17 Agosti

Fundi,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa nikijaribu kutokasirika.

Yametoka gunia moja. Ya hapa, kwenye baridi inayoyachelewesha, yamechanua yote na yameshaanza kupukutika. Ya huko kwenye joto hayawezi kuwa bado. Mimi kuku sikuwajua, nyuki sikuwajua, lakini tulipu sasa nazijua. Ziko wazi mbele ya macho yako, umeona ulichokiona, na umeamua kusema bado.

Sielewi kwa nini. Unanionea huruma? Basi usinionee. Kama hutaki, andika sitaki, ni neno fupi kuliko yamechanua. Halafu unamalizia eti nalitaka kulituma. Unanivuta huku unanisukuma, mimi nisimame wapi?

Kuhusu fundi friji nilijua siku nyingi, sikutaka kusema. Ana meno mazuri, nimesikia.

Kuna kitalu kipya mbali na hapa, mkataba wa miaka mitatu. Nimemwambia Bibi Kitalu nitasaini mwisho wa mwezi. Vitu vyangu vilivyobaki mpe mtu yeyote mwenye haja navyo.

Mimi


19 Agosti

Bwana Mipango,

Maua yako yamekufa kabla ya kuiva.

Sijui nikueleze vipi. Matumba yalifunguka, nikasema haya, sasa. Yakafunguka kabisa, nikaweza kuona mpaka ndani, lakini rangi haikuja. Yalibaki kijani vile vile. Pembeni palikuwa peupe kidogo, nikadhani ndiyo nyekundu inaanza, inapita kwanza kwenye weupe. Nikangoja. Nikaleta mpaka chupa ya chai nikaiweka pale chini nilinganishe. Nikangoja tena. Jana umepita upepo, leo asubuhi nimekuta yote yamelala chini, mabichi, kijani kama yalivyotoka. Hayakuchanua hata moja.

Nimekaa kwenye shimo lako la samaki nikalia. Mtu mzima nalia kwa ajili ya mboga. Jirani amenichungulia juu ya ukuta, akashuka haraka.

Nimekukasirikia, nakwambia wazi. Nilijua. Kila unachoanza kinaishia njiani, na safari hii ulinifanya na mimi nikianze nawe. Nilishaliandika lile neno, lipo kwenye droo ya vifungo, kwenye bahasha, lilikuwa linasubiri rangi tu. Sasa nilitumeje? Nikudanganye?

Sijui ulikuwa unatafuta nini kwangu. Kama ni kunipima, nimeshindwa mtihani wako. Basi.

Fundi


25 Agosti

Fundi,

Barua zetu zimepishana njiani. Utaanza kuipata ile yangu mbaya. Ichome.

Hii isome ukiwa umekaa.

Siku ile getini ulisema, "Wewe kulala tena nyumba hii, labda maua yachanue kijani." Ukabamiza geti. Ndilo hilo neno. Nilidhani unalikumbuka kwa sababu mimi nilikuwa nalala nalo na kuamka nalo. Nikaja huku, nikaona maua ya kijani. Kijani ndiyo rangi yake. Hayaivi yakawa kitu kingine, yameshaiva. Weupe ule wa pembeni ndio urembo wake. Yalichanua, Fundi. Uliyakodolea macho kila asubuhi, na yalikuwa yamechanua.

Sikukwambia rangi kwa sababu nilitaka ucheke. Mjinga mimi. Mtu hajawahi kuona tulipu ila kwenye chupa ya chai, nami nikamtumia ya kijani bila picha.

Nimeisoma mara nyingi ile sehemu ya kulia. Sielewi kitu kimoja: uliyalilia maua, au ulilia mimi sirudi? Na vitunguu vilikuwa wapi Mei, friji ilipokufa? Na fundi friji? Niambie lolote, hata baya.

Sijasaini. Kalamu ilikuwa mkononi barua yako ilipoletwa. Bibi Kitalu amesema atasubiri jibu lako, halafu basi.

Bwana Mipango


2 Septemba

Bwana Mipango,

Barua zako mbili nimezipata siku moja, na Shangazi naye akarudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo unaweza kufikiria hali ya nyumba.

Ile mbaya nimeichoma. Ile nyingine nimemsomea Shangazi, akasimama katikati ya ukumbi, mkono kiunoni, akaniigiza getini, neno kwa neno, mpaka lile la kubamiza. Kumbe alikuwa anajua kila kitu tangu Juni! Nimemwuliza kwa nini hakuniambia, anasema aliapishwa, na yeye si mmbea. Yeye, si mmbea! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu nikajikuta nalia tena.

Neno lenyewe silikumbuki. Nakuapia. Nililitupa kama mtu anavyotupa kipande cha uzi, wewe ukaliokota ukaenda nalo mpaka kwenye baridi. Hasira hasara, tumefundishwa wote. Lakini kama nilisema, nilisema.

Sasa nikujibu. Friji ilikufa kompresa. Nilivibeba vitunguu vyako mpaka kwa muuza nyama wa kona, nikamwomba rafu kwenye friji yake kubwa. Vililala Mei yote kati ya mapaja ya ng'ombe. Alidhani ni dawa, akawa ananiuliza kwa sauti ya chini kama mgonjwa anaendelea vizuri. Sikukwambia kwa sababu ungejua ninavyovijali, na mimi nilikuwa bado nimenuna. Fundi friji anaoa mwezi ujao. Gauni la mchumba wake nalishona mimi, ndiyo maana anakuja na anasahau bisibisi, anatafuta njia ya kulichungulia. Meno yake ni mazuri kweli. Hilo Shangazi hakusema uongo.

Na kingine sijakwambia. Kabla upepo haujapita nilichuma moja, lile nililodhani bichi, nikaenda nalo dukani kwa muuza vitambaa, nikamwambia nataka kijani hiki hiki na weupe huu huu kwenye pindo. Sikuwa na mteja wa nguo hiyo. Nilijiambia ni ya kwangu, ya kutokea, nikaishona huku nangoja yawe mekundu. Imeisha jana. Imetundikwa mlangoni. Shangazi ameiangalia, akaniangalia, akaenda chumbani kwake akicheka.

Uliuliza nililia nini. Nilikulilia wewe, mjinga wee. Nani analilia mboga?

Majani yameanza kukauka. Vitunguu vinatakiwa kuchimbuliwa na kulazwa tena, na mimi sijui kuchimbua vitunguu, mimi ni fundi wa nguo. Mwambie Bibi Kitalu asante kwa kukusubiri, na kwamba kuna shimo la samaki huku linakuhitaji zaidi. Kuku usilete.

Papai la Shangazi nimelitoa kwenye friji. Amenuna. Rafu ya chini iko wazi.

Bahasha ya kwenye droo ya vifungo nimeifungua, na neno lako hili hapa, sikubadilisha hata nukta.

Yamechanua.

Mkeo,
Fundi